Kanzidata Moja, Makarani Wengi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Ofisi za AMCOS Mtwara na Lindi

Haya ni maswali ya makarani, wahasibu na mameneja wa vyama vya msingi vya ushirika wa mazao (AMCOS), kuanzia Newala na Tandahimba hadi Nachingwea na Ruangwa, wanaotumia programu ya kanzidata ya Microsoft Access kuandika mapokezi ya korosho, ufuta na mbaazi. Ofisi nyingi zilianza na kompyuta moja. Mzigo ukaongezeka, kompyuta zikawa tatu au nne, na kila mtu akataka kuingia kwenye faili lile lile. Hapo ndipo simu za usiku kwa fundi zinapoanza. Anayetumia LibreOffice ana swali lake karibu na mwisho.

Kwa nini tukiingia watatu kwa mpigo faili linagoma au linaharibika?

Kwa sababu Access haina mtu wa katikati. Kwenye kanzidata kubwa, kama za benki, kuna programu ya seva inayopokea maombi ya kila mtu, inaandika yenyewe, kisha inarudisha jibu. Access haiko hivyo. Faili la .accdb limekaa tu kwenye folda, na kila kompyuta inalifuata yenyewe kupitia mtandao na kuandika humo humo. Kompyuta ya mizani ikizimika katikati ya kuandika, kazi inabaki nusu na hakuna wa kuimalizia. Anayefungua baada yake ndiye anayekutana na ujumbe wa kutisha.

Microsoft wanasema faili moja linabeba hadi watumiaji 255 kwa wakati mmoja na ukubwa wa hadi GB 2. Hiyo 255 usiichukulie kama ahadi. Kwa ofisi inayoandika kutwa nzima, watu wanane hadi kumi kwenye mtandao mzuri wa waya ni kazi ya kawaida. Wakifika ishirini wanaoandika wote kwa pamoja, anza kusoma swali la kuhama huko chini.

Sawa, tuanzie wapi?

Anzia kutenganisha faili liwe mafaili mawili. Ukifanya hili moja tu na ukayapuuza mengine yote, bado utakuwa umepunguza matatizo mengi.

Faili la kwanza ni la data. Humo mnakaa majedwali tu: wanachama, mapokezi, malipo, pembejeo. Hili linakaa sehemu moja, kwenye folda inayoshirikiwa. Faili la pili ni la fomu, lenye fomu, ripoti na kwiri (maombi ya kutafuta na kuchuja data). Ndani yake hakuna data, kuna viungo tu vinavyoelekea kwenye faili la data. Hili la pili halishirikiwi. Kila kompyuta inapewa nakala yake na kuiweka kwenye diski yake yenyewe, mathalani C:\Korosho.

Access ina kifaa cha kukufanyia kazi hiyo. Kwanza nakili faili lako pembeni. Kisha nenda "Database Tools", bofya "Access Database" kwenye kundi la "Move Data", ufuate maelekezo. Kitakapouliza mahali pa kuweka data, usiandike Z: wala herufi nyingine ya diski ya mtandao. Andika njia kamili inayoanza na jina la kompyuta: \\MHASIBU\Data\Korosho_data.accdb. Herufi ya Z kwenye kompyuta ya meneja inaweza kuwa Y kwa karani, na siku hiyo viungo vyote vinakatika. Vikikatika, vinarekebishwa kwa "Linked Table Manager", chini ya "External Data".

Kosa ninaloliona kila wilaya ni watu kutenganisha vizuri, halafu wakaliacha faili la fomu nalo kwenye folda ya pamoja ili wote walifungue kutoka huko kwa njia ya mkato. Hapo hamjatenganisha kitu. Mafaili ya fomu yanaharibika kirahisi sana yanapofunguliwa na watu wengi. Likiwa kwenye kompyuta ya kila mtu, la mmoja likiharibika unamnakilia jingine, dakika mbili, na wengine hawajui hata kama kulikuwa na shida.

Ukishamaliza, geuza nakala za makarani ziwe .accde. Karani ataingiza data na kuchapisha ripoti kama kawaida, ila hawezi kubadili muundo wa fomu kwa bahati mbaya. Ile .accdb ya asili itunze mwenyewe, maana .accde hairudishwi kuwa .accdb.

Faili la data tuliweke kwenye kompyuta ipi?

Ile ambayo haizimwi saa za kazi na haibebwi kwenda nyumbani. Kwa kawaida ni ya mhasibu. Nenda kwenye mipangilio ya umeme uizuie isilale, maana ikilala kila aliyemo ndani ametolewa kwa nguvu. Windows ya kawaida, 10 au 11, inakubali kompyuta 20 tu kuunganishwa nayo kwa pamoja, kiasi ambacho AMCOS nyingi hazifiki.

Kompyuta nyingine zipe majina yanayoeleweka: MIZANI-1, MIZANI-2, MENEJA. Jina lisizidi herufi 15. Ukiyaacha yale majina ya kiwandani, DESKTOP na msururu wa herufi, utajuta siku ya kutafuta nani kalifunga faili.

Kompyuta mpya ya Windows 11 inakataa kuingia kwenye folda, za zamani zinaingia. Kwa nini?

Zamani watu walishirikisha folda bila neno la siri, yeyote akaingia kama mgeni. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 imefunga mlango huo. Kuhangaika kuufungua upya ni kujitafutia matatizo. Kwenye kompyuta yenye data tengeneza akaunti ya kawaida, iitwe karani, na uipe neno la siri. Akaunti isiyo na neno la siri haikubaliwi kupitia mtandao, kwa hiyo usiliache wazi. Kisha kwenye kompyuta nyingine ingiza jina hilo na neno hilo mara moja, uiambie ikumbuke.

Hakikisha pia mtandao wa ofisi umewekwa "Private" kwenye kila kompyuta. Ukiwa "Public", Windows inajificha na wenzake hawaioni.

Linafunguka, lakini linaruhusu kusoma tu. Tatizo liko wapi?

Ruhusa za folda. Anayefungua wa kwanza anaunda faili dogo lenye mwisho wa .laccdb pembeni ya faili la data, na anayetoka wa mwisho analifuta. Faili hilo ndilo daftari la zamu: nani yumo, nani kashika nini. Mtu asiye na ruhusa ya kuunda na kufuta kwenye folda hawezi kuliandika, basi Access inamfungulia kwa kusoma tu, au inawafungia wenzake nje.

Ruhusa zinawekwa sehemu mbili na zote lazima zikubaliane: kwenye kichupo cha "Sharing" toa "Change", kwenye "Security" toa "Modify". Wengi wanaweka ya kwanza na kusahau ya pili.

Ujumbe unasema faili limeshikwa na "Admin". Hatuna mtu wa jina hilo. Tumedukuliwa?

Hapana, tulieni. Kwenye Access kila mtu anaitwa Admin, hata yule karani aliyeajiriwa juzi. Cha kuangalia ni jina la kompyuta linalofuata baada ya hapo. Kama mliyapa majina kama nilivyosema, ujumbe utawaambia ni MIZANI-2, mnakwenda mnamkuta mtu kaacha fomu wazi kaenda kunywa chai.

Ujumbe usipokuwa wazi, fungua lile faili la .laccdb kwa Notepad. Utaona majina ya kompyuta yamepangwa yakifuatana, na neno Admin pembeni ya kila moja. Angalizo: jina la aliyekwisha kutoka linaweza kubaki humo hadi faili lifutwe, kwa hiyo usimlaumu mtu kabla ya kwenda kumwona. Kama kompyuta zote zimefungwa na .laccdb bado ipo, kwenye kompyuta yenye data fungua "Computer Management", "Shared Folders", "Open Files", uangalie kama kuna muunganisho uliokwama, uufunge hapo.

Tunaweza kutumia Wi-Fi?

Kwa kusoma ripoti, vumilia. Kwa kuandika, hapana. Wi-Fi inakatika kwa sekunde moja na kurudi, na mwenye simu hata hajui. Access inajua. Sekunde hiyo inatosha kuacha rekodi nusu.

Nunua swichi ya mtandao (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa waya) na waya wa Cat5e au Cat6. Waya mmoja unafika mita 100. Ghala likiwa mbali zaidi kidogo, weka swichi nyingine katikati.

Umeme ukikatika je?

UPS (betri ya akiba ya umeme) kwenye kompyuta yenye data, na UPS kwenye swichi. Hiyo ya pili inasahaulika kila mara: kompyuta zinabaki zimewaka, swichi imezimika, na matokeo ni yale yale. Hupewi UPS ili uendelee na kazi. Inakupa dakika za kusevu, kutoka kwenye fomu na kuzima kwa utaratibu. Mizani nayo ikiwa ya umeme, kazi imesimama hata hivyo.

Ofisi isiyo na bajeti inaweza kutumia laptopu kama kompyuta ya data, kwa sababu betri yake ni UPS tosha. Masharti ni mawili: iunganishwe kwa waya, na mipangilio ibadilishwe ili kufunika kifuniko kusiilaze. Mafundi wenzangu wengine wanaicheka njia hii. Mimi naona laptopu yenye betri nzima ni bora kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Imetokea "Write Conflict". Nibonyeze nini?

Maana yake wewe na mwenzako mlifungua rekodi ya mwanachama mmoja, yeye akasevu kwanza. "Save Record" inafuta alichoandika yeye na kuweka chako. "Drop Changes" inafuta chako. Kwenye malipo ya mkulima usibonyeze "Save Record" kwa haraka. Chagua "Drop Changes", fungua upya rekodi, uone mwenzako kaandika nini.

Ikijirudia kila siku, nenda kwenye sifa za fomu, sehemu ya "Record Locks", ubadili kutoka "No Locks" kuwa "Edited Record". Kuanzia hapo wa kwanza kuanza kuhariri anaishika rekodi, wa pili anasubiri. Lakini chunguza pia utaratibu wa ofisi. Kwa nini watu wawili wanahariri mkulima mmoja? Mara nyingi ni kwa sababu mmoja anaandika kilo na mwingine anarekebisha namba ya akaunti ya benki, na vyote viko kwenye jedwali moja. Kilo za mapokezi zinatakiwa ziwe na jedwali lake.

Hati mbili za mapokezi zimetoka na namba moja. Inawezekanaje?

Hili linaumiza, kwa sababu mkulima ana karatasi mkononi na mwenzake ana karatasi yenye namba ile ile, na malipo ya mnada yakija kila mmoja anadai chake. Kwa hiyo nilieleze polepole.

Fomu nyingi zilizotengenezwa hapa kwetu zinatafuta namba kubwa iliyopo, zinaongeza moja, na kuionyesha mara tu fomu inapofunguka. Ukiwa peke yako haina shida. Sasa chukua saa nne asubuhi, foleni ndefu, mizani mbili. Karani wa kwanza anafungua fomu, anaona 1041. Anaanza kupima gunia la kwanza. Karani wa pili naye anafungua fomu. Wa kwanza hajasevu, kwa hiyo namba kubwa kwenye jedwali bado ni 1040, na wa pili naye anapewa 1041. Wote wanasevu, wote wanachapisha.

Dawa ina sehemu mbili, na zote ni za lazima. Kwanza, safu ya namba ya hati kwenye jedwali iwekewe "Indexed: Yes (No Duplicates)", ili kanzidata yenyewe ikatae namba ya pili hata fomu ikikosea. Pili, namba isitolewe fomu inapofunguka, itolewe wakati wa kusevu, kwenye tukio la "Before Update". Pengo la kugongana linakuwa dogo mno, na wakigongana, wa pili anakataliwa, anasevu tena, anapata inayofuata. Kitufe cha kuchapisha kiwe kimefungwa hadi rekodi isevike.

Mnaweza kutumia "AutoNumber" badala yake. Haigongani, ila karani akianza fomu na kuiacha, namba hiyo imepotea moja kwa moja. Mkaguzi atakuja kuuliza 1057 iko wapi, na jibu la "kompyuta iliiruka" halijawahi kumridhisha mkaguzi.

Mzigo wa tarehe 5 Novemba unaonekana kama wa Mei 11. Nani kabadilisha?

Hakuna aliyebadilisha. Kompyuta moja imewekwa mpangilio wa Marekani, mwezi mbele ya siku. Karani kaandika 05/11, kompyuta yake ikaelewa mwezi wa tano, na wenzake wanaona ilivyohifadhiwa. Kosa hili linajitokeza siku 12 za mwanzo za kila mwezi. Baada ya hapo hakuna mwezi wa kumi na tatu, kompyuta inajirekebisha, na watu wanadhani tatizo limeisha. Weka "English (United Kingdom)" au mpangilio wa Tanzania kwenye kompyuta zote, na fomu ionyeshe mwezi kwa herufi.

Zamani ilikuwa ya haraka, sasa inasubirisha.

Anza na fomu inayofungua wanachama wote kwa pamoja. Ifanye ifunguke tupu, karani aandike namba ya mwanachama, imlete mmoja. Namba ya mwanachama na safu ya msimu ziwekewe indeksi ("Indexed"), ili zitafutwe haraka. Kisha tengeneza fomu ndogo iliyofichwa inayoshika jedwali moja la faili la data tangu asubuhi hadi jioni. Bila hiyo, Access inaunda na kufuta lile faili la .laccdb kila fomu inapofunguliwa, na hapo ndipo sekunde zinapoishia.

Picha za wanachama zitoeni ndani ya jedwali. Ziwekeni kwenye folda, jedwali libaki na njia ya kuzifikia tu. Nimeona faili lililojaa picha kuliko korosho.

Imeandika "Unrecognized database format" au "inconsistent state". Data imepotea?

Mara nyingi haijapotea yote. Wote watoke. Kabla ya kugusa chochote, nakili faili bovu pembeni, hata kama ni bovu. Kwenye nakala nyingine jaribu "Compact and Repair Database". Ikishindikana, fungua kanzidata mpya tupu na uvute majedwali moja baada ya jingine kutoka "External Data". Jedwali likigoma, tafuta rekodi mbovu: huwa inaonyesha #Error, #Deleted au hata herufi za Kichina. Vuta zilizo juu yake, kisha zilizo chini yake.

Kama "inconsistent state" inarudi kila wiki na waya ni mzima, jua kwamba tatizo hili lilienea tangu 2018 kutokana na namna Windows 10 inavyoshirikisha mafaili. Kwenye kompyuta yenye data, fungua PowerShell kama msimamizi, andika Set-SmbServerConfiguration -EnableLeasing $false, kisha uzime na kuwasha upya kompyuta hiyo.

Nakala za akiba tuchukue vipi?

Jioni, wote wakishatoka na .laccdb ikiwa imetoweka. Kunakili faili wakati watu wanaandika kunaweza kukupa nakala iliyoharibika. Ipe jina lenye tarehe. Moja ibaki ofisini, nyingine kwenye diski ya nje inayolala jengo jingine. Flashi moja inayozunguka na mhasibu mfukoni siihesabu. Kila mwisho wa wiki fungua nakala moja uone kama inasomeka.

Tukiliweka kwenye Google Drive au OneDrive, ghala la kijijini nalo si litaingia?

Usifanye hivyo. Huduma hizo zinanakili faili zima kila linapobadilika. Wawili wakiandika, mtapata mafaili mawili yenye data tofauti, na hakuna njia rahisi ya kuyaunganisha. VPN (njia ya faragha ya kuunganisha kompyuta za mbali na ofisi) juu ya intaneti ya simu nayo ina kasoro ile ile ya Wi-Fi, ila mbaya zaidi.

Karani wa mbali anaweza kuingia kwa Remote Desktop kwenye kompyuta iliyopo ofisini. Hapo faili haliondoki, kinachosafiri ni picha ya skrini. Windows Pro inaruhusu mmoja tu kwa wakati. Wakiwa wengi, mnahitaji seva.

Kila kompyuta inunuliwe Access?

Hapana. Mtengenezaji wa fomu ndiye anayehitaji Access kamili. Makarani wanatosha na Access Runtime, ambayo Microsoft wanaitoa bure. Angalieni tu kitu kimoja: .accde iliyotengenezwa kwenye Access ya biti 64 haifunguki kwenye ya biti 32. Access 2016 na 2019, pamoja na Windows 10, zilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Zinaendelea kufanya kazi, lakini hazipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama.

Wanachama wetu wana namba za NIDA na za benki humo. Zipo salama?

Neno la siri la kanzidata linasimba faili, yaani halisomeki bila neno hilo, liwekeni. Ila anayelijua na anayefika kwenye folda anaweza kuliondoa faili zima kwa flashi. Kwa hiyo folda iwe ya waliotajwa kwa akaunti zao, si ya "Everyone". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na orodha ya wakulima yenye namba za benki ni taarifa binafsi kama zilivyo nyingine.

Tunatumia LibreOffice Base. Tufanye nini?

Faili lake la kawaida linaandikwa na mtu mmoja tu kwa wakati. Iunganisheni Base na kanzidata ya seva, MariaDB au PostgreSQL, zote za bure.

Lini tuhame kutoka Access?

Faili likipita GB 1, au vituo vya nje vikiongezeka, au likiharibika tena na tena ingawa waya na UPS viko sawa. Si lazima kutupa fomu. Majedwali yanaweza kuhamia SQL Server Express, kanzidata ya seva ya Microsoft, ambayo ni bure na toleo lake la 2022 linabeba GB 10 kwa kanzidata moja, huku makarani wakiendelea na skrini zile zile. Msihame Oktoba. Fanyeni kazi hiyo baada ya malipo ya mwisho, kukiwa na muda wa kulinganisha hesabu za mifumo yote miwili.

Msimu mpya ukianza, tufungue faili jipya?

Wengi wanafanya hivyo, na baada ya misimu mitatu hawawezi kujibu mkulima fulani aliuza kilo ngapi mwaka juzi bila kufungua mafaili matatu. Ongezeni safu ya msimu kwenye jedwali la mapokezi, mfano 2025/26, na fomu zichuje kwa msimu huo. Kabla ya gunia la kwanza kupimwa, chukueni nakala ya akiba, fanyeni "Compact and Repair", wapeni makarani wapya akaunti zao, na mzifute za walioondoka.